Nilivyokaanga Bushi za Mjomba

Sauti ya mjomba wa mume wangu naiweza mpaka leo. Ukitaka kuisikia, jaza mashavu hewa, inua kidevu kama mtu anayenyolewa ndevu, kisha semea puani: "Hhmm! Mpwa wangu, mkono wako mzito." Wajukuu wangu nikiwafanyia hivyo huanguka chini kwa kicheko. Mimi sicheki. Nikishamaliza kuwaigizia moyo unanichemka upya, naondoka naenda kufagia uwanja hata kama umefagiwa.

Tulikuwa tunakaa Kerege, kando ya njia ya Bagamoyo, zamani za mkoloni, vita vikubwa vimekwisha kitambo. Mjomba mwenyewe alikuwa mtu wa mjini Bagamoyo, ana minazi yake, ana heshima yake, ana kanzu ambayo hata vumbi liliiogopa. Akanunua mashine ya kusaga. Akaiweka Kerege, maana huko ndiko kulikokuwa na mahindi na makopa ya muhogo na wanawake waliochoka kutwanga. Akamtia humo mume wangu aiendeshe, kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, na kwa kuwa ujanani alijifunza mashine kwenye mashamba ya mkonge. Mume wangu hakuwa na shamba la maana, hakuwa na chombo cha baharini. Alikuwa na mkono. Mkono wake ndio ulikuwa shamba letu.

Sasa ndani ya mashine ile kulikuwa na puli, gurudumu dogo la kukazia mkanda. Na ndani ya puli kuna bushi. Bushi ni kama pete nene ya shaba, ina ukingo upande mmoja; chukua kofia ya viua uikate utosi, ndiyo bushi. Inakaa katikati ya chuma kinachozunguka na chuma kilichosimama, ili visitafunane. Na zile zilikuwa za kisasa. Hazikutaka mafuta kila saa. Zilikuwa zimeshakunywa zenyewe, mashine ikipata moto zinatoka jasho kidogokidogo. Mume wangu alizipenda mno. Alikuwa akiitia bushi mahali pake kwa kipande cha mti na kitambaa, anagonga polepole, tu, tu, tu, kama anayempiga mtoto mgongoni acheue.

Ya kwanza ikavunjika. Mkanda ukachomoka, mashine ikanyamaza, wanawake wakasonya. Mjomba akaletewa habari mjini, akaja.

Nyinyi mnajua sisi watu wa pwani chungu hatukinunui kwa macho. Unakiweka kiganjani, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio. Kizima kinaitika "ngaa!" Chenye ufa kinajibu "ko," kama mtu aliyeamshwa usingizini. Basi mjomba naye akafungua boksi la bushi mpya, akatoa ufunguo wa nyumba yake, akaanza kuzigonga moja moja mbele ya watu. Tik. Tik. Tik. Zote sauti moja.

"Hhmm! Mmesikia? Zote zinalia sawasawa. Zote nzima. Basi ufa haumo bushini, ufa umo mkononi. Mpwa wangu, mkono wako ni mkono wa nyundo."

"Mjomba, mimi nilitia mti na kitambaa," mume wangu akasema.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

"Ndiyo, mjomba."

Hiyo "ndiyo, mjomba" nayo naiweza. Unaisema ukitazama kifungo chako cha shati, kwa sauti ya mtu anayeongea na kifungo hicho hicho. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Nikasema, "Shikamoo, mjomba. Lakini mbona hakuna hata moja iliyolia ngaa?"

"Marahaba. Hhmm! Jikoni nako kumeulizwa?"

Watu wakacheka. Na mimi, nisiwaongopee, niliwaza kama yeye: kama zote zinalia tik, basi labda tik ndiyo sauti yao. Hakuna aliyejua kwamba chuma cha namna ile hakiimbi. Kizima kinasema tik, kibovu kinasema tik. Tulikuwa tunakiuliza kwa lugha ya vyungu.

Mjomba akakunja kanzu, akapanda baiskeli, akageuka: "Ikivunjika nyingine, unashuka kwenye mashine yangu. Na nitawaambia wenye mashine wote, kutoka hapa mpaka Saadani, mkono huu wasiupe spana."

"Ndiyo, mjomba."

Yale maneno ya mkono wa nyundo yakatembea kuliko baiskeli. Kisimani shoga yangu mmoja, mdomo umempinda kwa raha, akaniuliza, "Mwanakwetu, mumeo akikugusa usiku, huvunjiki?" Nikamwambia, "Mimi nilichomwa vizuri, shoga. Kamuulize mamangu alitumia kuni gani." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikabeba ndoo yangu njiani maji yananimwagikia mgongoni kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka kwa hasira. Mwanaume anatoka alfajiri, anarudi mweupe kama mzimu kwa unga wa watu, kisha wanamfanyia nyimbo!

Ya pili ikavunjika siku ya katikati ya juma. Paa! Mkanda ukaupiga ukuta. Mume wangu akazima injini, akakaa juu ya gunia. Aliitoa bushi ile, vipande viwili, akaviweka mapajani kama ndege aliyekufa. Mjomba alikuwa aje Jumamosi.

Ndipo lori moja likasimama njiani, linatoa moshi wa maji. Akashuka fundi mmoja wa Kisingasinga, kilemba kimelowa jasho, anakwenda huko mashamba ya mkonge. Alitaka maji ya lori. Namwigiza, lakini huku namwombea dua, maana katika watu wote wa habari hii yeye peke yake aliniuliza kitu akasubiri jibu.

"Mama, mashine iko lala? Mchana hii?"

"Imevunjika bushi, baba. Wanasema mume wangu anapiga nyundo kwa nguvu."

Akaingia. Akavichukua vile vipande, akavipeleka juani, akavigeuza. Akamwita mume wangu: "Njoo ona. Hapa nyeusi. Hapa nang'ara. Ile nang'ara navunjika leo. Ile nyeusi navunjika zamani, mafuta naingia, nakaa. Nyundo yako iko fanya nini? Nyundo iko bure."

Mume wangu akatazama, akatazama tena. Kweli, pale shingoni, ukingo unapokutana na mwili wa bushi, palikuwa na weusi mkongwe nusu nzima.

"Nyingine iko?" Singasinga akauliza. Zilikuwamo tatu katika boksi, hazijaguswa. Akaziosha kwa petroli, akazianika juani zikakauka. "Sasa mama, lete kikaango. Lete mafuta."

Nikaduwaa. "Unataka kuzila?"

Akacheka mpaka ndevu zikacheza. Nikaleta kikaango changu cha samaki na mafuta ya nazi niliyokuwa nimeyakamua mwenyewe. Akayapasha, si ya kuunguza, ya vuguvugu kali. Akatumbukiza bushi ya kwanza. Vipovu vikatoka mwili mzima, vidogovidogo kama vumbi, kila upande sawa. "Hii iko nzima. Nakunywa kila mahali." Akatumbukiza ya pili. Vipovu vidogo vilevile, lakini pale shingoni, wanangu, ukatoka uzi! Mapovu makubwa yamepangana mstari mmoja, yanakimbizana kama siafu. Ya tatu nayo vilevile, uzi shingoni.

"Ona," akasema. "Ufa iko ndani, jicho haioni. Hewa najua njia."

Nikamuuliza pete ya shaba inakunywaje mafuta kama mkate. Akasema, "Hii si kuyeyusha, mama. Hii iko unga. Unga ya shaba. Natia ndani ya kalibu, nakandamiza sana, natoa, halafu nachoma."

Kalibu! Hapo nikaelewa. Nani Kerege hakufyatua tofali? Ukiinua kalibu upande upande, tofali linang'ang'ania, linapasuka pembeni, na ukilipangusa kwa maji ule ufa hauonekani mpaka lifike ukutani. Kumbe bushi zilikuwa zimepasuka shingoni siku zilipotolewa kwenye kalibu yao, huko Ulaya, na mtu mwenye haraka zake. Zikachomwa na ufa wao, zikatiwa boksini na ufa wao, zikapanda meli, zikaja Kerege kumvunjia mume wangu jina.

Singasinga akajaza maji lori lake, akaenda zake. Nikamgeukia mume wangu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi Jumamosi utamwambia mjomba."

"Ni mjomba wangu, mke wangu. Nitamwambiaje mbele za watu kwamba amekosea?"

Hasira niliyokuwa nayo kwa mjomba ikahamia kwake yote. Nikamwambia, "Wewe nawe ukitiwa mafuta utatoa uzi hapo hapo shingoni, hapo unapoinamia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba!" Akacheka kidogo. Nikazidi kukasirika.

Jumamosi nikaenda mimi. Mjomba alikuwa amekaa barazani pa mashine, wazee kando yake, na wanawake wamepanga foleni na vikapu wakingoja kujua kama patasagwa. Nikaja na kikaango nimekifunika kawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hhmm! Umetuletea nini, kaimati?"

Nikafunua. Bushi zinaogelea katika mafuta ya nazi. Nikamweleza yote, weusi, uzi, mapovu. Nilieleza vizuri, wallahi. Nilianza polepole na adabu zangu zote. Yeye akasikiliza akitikisa kichwa. Nikadhani ananielewa. Nilipomaliza akawageukia wazee.

"Mmesikia? Amezikaanga. Bushi zangu mpya amezikaanga kama samaki, ndiyo maana zina ufa. Mume anavunja kwa nyundo, mke anavunja kwa moto. Nyumba nzima mafundi!"

Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Mume wangu alikuwa mlangoni mwa mashine. Akatazama kifungo chake cha shati.

"Mpwa wangu, shuka," mjomba akasema. "Weka spana chini."

"Ndiyo, mjomba."

Adabu ikanitoka. Nikapiga ukelele uliosikika mpaka njia kuu: "Hazikuvunjwa na mtu! Ni unga! Bushi hizo ni unga, unga wa shaba, umo ndani ya mashine yako tangu siku ya kwanza, na umepasuka tangu kwenye kalibu!"

Foleni nzima ikanigeukia.

"Unga gani?" akauliza mwanamke wa mbele.

"Unga wa shaba," akajibu wa pili, "umo ndani ya mashine."

"Ndani ya mashine hii? Hii tunayosagia?"

Nikataka kusema sivyo, lakini nani alinisikiliza? Kikapu kimoja kikapanda kichwani. Kikafuata cha pili. Punde baraza ikawa na wazee na mjomba na mbuzi mmoja.

Na habari hiyo ilivyokwenda! Kisimani ilikuwa: "Mashine ya mzee ina unga wa shaba." Ilipofika kwenye mihogo ikawa: "Wanachanganya shaba kwenye unga wetu uwe mzito, tukipima wapate faida." Ilipofika Mapinga, mwanamke mmoja alinieleza mimi mwenyewe, hanijui, ananinong'oneza na macho kayatoa: "Dada, usile. Mwanaume akiula ule unga, anakuwa baridi kama nanga. Kuna mmoja Kerege, fundi mwenyewe, tangu aanze kuuvuta puani mkewe analala na ukuta." Nikamwambia, "Mkewe ni mimi." Akakimbia.

Niliwakasirikia nao. Nimesema shaba, wamesikia sumu. Nimesema mume wangu hana kosa, wamesikia hana nguvu. Vinu vikarudi nyua zote, twi, twi, twi, usiku na mchana, na mimi pia natwanga maana nani ataniamini nikienda kusaga, na viganja vimeota malengelenge. Mashine imenyamaza, buibui wanafuma. Mume wangu anakaa nyuma ya nyumba ananoa kisu kilichokwisha kunolewa. Alikwenda kuomba kazi mahali pawili, wakamwuliza, "Wewe ndiye yule wa nyundo?" Akarudi.

Kisha mjomba akaja. Hakuja barazani, alikuja uani kwangu, kwa miguu, na sauti nyingine kabisa. Hiyo nayo naiweza, ni laini kama tui la kwanza: "Mwanangu. Mkwe wangu. Mambo ya unga haya wewe ndiwe uliyeyasema. Waambie wenzio si kweli, warudi."

"Ni kweli, mjomba. Ni unga. Ulichomwa ukawa chuma."

"Basi waambie hilo."

"Mimi wa jikoni nani atanisikia? Njoo wewe. Zikaange wewe, mbele ya watu wale wale."

Akavimba. "Mimi? Nikaange?"

"Umeagiza nyingine Dar es Salaam, na boksi limekuja, nimesikia. Lete lisilofunguliwa. Zioshwe, zitiwe zote pamoja katika kikaango kimoja. Kama moto ndio unaopasua, zipasuke zote. Na zikionyesha ufa, useme mbele yao kwamba mkono wa mume wangu hauna kosa."

Akamtazama mume wangu, pale aliponoa kisu chake, amnyamazishe mkewe. Mume wangu akatazama kifungo. Lakini safari hii kifungo hakikusema ndiyo. Mjomba akaenda zake. Zikapita siku, mashine kimya, minazi haimlipii injini. Akarudi na boksi.

Niliwaita wanawake mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Wakaja kuona mtu mzima wa mjini akikaanga chuma; kwa hilo wangekuja hata kutoka Unguja. Nikawasha moto palepale barazani. Mjomba akakunja mikono ya kanzu, akashika koleo kama ameshika mkia wa nyoka. Bushi zimeoshwa, zimekauka, ukingo wa boksi umekatwa watu wakiona. Akazitumbukiza moja baada ya moja. Vipovu vidogo, vumbi tupu. Nyingine vumbi. Nikawaza: leo zikiwa nzima zote, mimi na mume wangu tuhame nchi. Akatumbukiza ya mwisho. Uzi! Ukatoka shingoni, mnene, mrefu, wanawake wote wakaguna "eeeh!" kwa pamoja. Mjomba akainama mpaka jasho lake likadondokea mafutani, mafuta yakamrukia usoni.

Bibi mmoja wa Kikwere, mkongwe kuliko mimi nilivyo leo, akasema, "Hebu nipe huo unga." Akapewa ile nzima, imepoa. Akaifuta kwa kanga, akaitia mdomoni, akaiuma kwa jino lake moja lililobaki. Tukasubiri. Akaitoa, akaitazama.

"Chuma hiki," akasema. "Kilikuwa unga? Basi na wewe ulikuwa maji. Nani anakuita maji?"

Wakacheka hadi vikapu vikaanguka, na kicheko hicho ndicho kilichowarudisha kwenye foleni. Lakini mimi sikutaka foleni.

"Mjomba," nikasema, "wanangoja."

"Hhmm. Basi, bushi zilikuja mbovu."

"Na mkono?"

"Mkono gani?"

"Ule wa nyundo."

Akasema kitu kooni, kama aliyemeza mwiba wa changu.

"Wa nyuma hawakusikia, mjomba."

"Hatukusikia!" wakaitika wa nyuma, mashetani wale, na yule wa kisimani ndiye aliyepiga kelele zaidi.

"Mkono wake mzima!" mjomba akafoka. "Mzima! Hauna neno! Haya, sageni!"

Mume wangu akaingia. Akachagua bushi nzima, akaitia na mti wake na kitambaa chake, tu, tu, tu, akawasha injini. Akasaga mahindi yote, na makopa yote, mpaka kikapu cha mwisho. Nilikuwa nimekaa nje kama bibi harusi, namtazama kila anayepita. Kazi yetu imerudi. Jina letu limerudi. Nimelipigania kwa mdomo na kwa kikaango.

Jua limeshuka, akazima injini. Akanawa mikono, akafuta spana moja moja, akaziweka miguuni pa mjomba.

"Mjomba, nimesaga. Kesho sipo."

"Hhmm? Hupo wapi?"

"Kule kwenye chumvi, upande wa Saadani, wanataka mtu wa pampu. Naupeleka mkono wangu huko."

Na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele! Hakuniambia! Mimi nimeaibishwa barazani, nimesemwa mpaka Mapinga kwamba nalala na ukuta, nimetwanga mpaka viganja vimechubuka, ili akae kwenye gunia lile, na siku anapopewa analikataa! "Ungenambia mapema," nikamwambia, "ningekaa nyumbani nile samaki wangu!"

"Mapema," akasema, "ningeondoka nimefukuzwa."

Asubuhi tukafunga mizigo, tukashika njia ya kaskazini. Njia nzima alizungumza yeye. Habari za pampu, za mikanda, za bushi, na anamwigiza mjomba wake, vibaya, hajui kabisa kupandisha kidevu. Mimi nilinuna mpaka Bagamoyo.